Raba za kukimbilia msimu wa mvua Mtwara: jozi mbili nilizozijaribu

Habari za saa hizi, wapenzi watazamaji. Nipo Shangani, Mtwara, bahari mnaisikia hapo nyuma. Mbele yangu kuna raba jozi mbili na jagi la maji. La jagi mtaliona sasa hivi.

Ni Novemba, wingu limeshaanza kujikusanya. Ninyi wa Dar mna vuli na mna masika. Sisi huku kusini mvua yetu ni moja, ikifungua Novemba mwishoni au Desemba inatuachia Aprili. Kila mwaka naona jambo lilelile. Juni, wakati wa kipupwe, kundi letu la mchakamchaka limejaa barabara nzima. Februari tumebaki sita. Jamani, watu hawaikimbii mvua! Ukimuuliza mtu kwa nini kaacha, atakwambia viatu havikauki. Na mimi msimu uliopita nusura niache kwa sababu hiyohiyo, ndiyo maana leo nataka tulizungumze hili vizuri.

Tuanze na hii nyeusi. Alinitumia dada yangu anayeishi Ujerumani. Kule anayeendelea na mazoezi Desemba anapambana na theluji, na jua linachomoza saa 2 asubuhi. Kwa hiyo kuna raba zinazotengenezwa na utando mwembamba katikati ya kitambaa cha nje na cha ndani. Maji hayapenyi, mguu unabaki na joto lake. Dada anaisifu sana, na kwa kule alipo anasema kweli.

Sasa tazameni. Namimina maji humu ndani, nusu jagi. Naiinua juu. Mnaona tone? Hata moja. Maji yametulia kama yako kwenye bakuli, mpaka soli ya ndani imeanza kuelea. Naiweka chini. Nachukua hii ya kijivu, ya mtumba, namimina maji kiasi kilekile. Oneni hapa pembeni mwa vidole yanavyotoka, na hapa, na huku kisiginoni. Moja, mbili, tatu... sijafika kumi, umebaki unyevu tu.

Hapo ndipo penye siri yote. Mvua ya Mtwara haihangaiki kupenya kitambaa. Inakupiga pajani, inateremka na mguu, inaingilia mdomoni mwa kiatu. Ikishaingia, ule utando unaozuia maji yasiingie unayazuia yasitoke. Januari nilitoka Ligula kwenda Mikindani, ni kama kilomita 10, mvua ikanikuta njiani. Nilifika kila mguu mzito kama nimeufunga tofali, malengelenge visigino vyote viwili. Raba ilikaa siku tatu barazani bila kukauka, na harufu yake msiulize. Nikapumzika karibu wiki. Wiki moja ukiwa umeshajenga pumzi inauma, wakimbiaji mnanielewa.

Hii ya kijivu niliipata mnadani kwa elfu 35, nembo imeshafutika. Juu ni kitambaa cha wavu, chini soli ina meno ya kama milimita 4. Kwenye tope la njia za kuelekea Naliendele inang'ata vizuri mno. Nimepita mahali ambapo bodaboda walikuwa wanasukuma. Kwenye lami yenye maji haina shida. Kwenye sakafu ya saruji iliyolowa au vigae, punguza mwendo, inateleza. Mchanga nao unaingia kirahisi, hapa ufukweni huwa nasimama mara mbili kuukung'uta. Na lami inayala meno, sogeza kamera hapa, chini ya kidole gumba pameshakuwa laini. Mbele ilifumuka, fundi akanishonea kwa shilingi 2,000, haijafumuka tena. Naipa 8 kati ya 10.

Ukiwa unachagua mnadani, huwezi kumwagia maji kiatu cha mtu. Fanya hivi: ingiza kiganja ndani ya kiatu, weka mdomo nje, puliza kwa nguvu. Hewa ikigusa kiganja, hicho ni chako. Isipopita kabisa, mrudishie muuzaji kwa adabu. Halafu hakikisha mbele ya kidole kirefu panabaki nafasi ya upana wa kidole gumba, maana mguu uliolowa ukibanwa, kucha zinakuwa nyeusi.

Kukausha. Ukifika tu nyumbani, suuza kwa maji baridi, hasa kama umepita kwenye maji ya chumvi. Toa soli ya ndani, legeza kamba, vuta ulimi wote mbele, jaza magazeti. Baada ya saa moja yatoe, yatakuwa yamelowa chapachapa, weka mengine. Kisha ning'iniza panapopita upepo. Tafadhali sana, usiweke karibu na jiko la mkaa wala juu ya bati jua la mchana! Gundi inaachia, sponji inakakamaa, na hapo hata fundi hana la kufanya. Soksi za pamba waachieni wanaokwenda kazini, zinashika maji. Vaa za poliesta, na ukivua kausha katikati ya vidole, fangasi wanapapenda hapo.

Desemba kunapambazuka kabla ya saa 12 asubuhi, lakini wingu likifunga ni giza, kwa hiyo kizibao cha kung'aa kama cha bodaboda ni lazima. Mvua nakimbia nayo. Radi sikimbii nayo: nikisikia ngurumo naingia kwenye nyumba yoyote iliyo karibu, na sitoki mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Chini ya mwembe au mkorosho usikae. Na siku TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wakitoa tahadhari ya kimbunga, kama ile ya Kenneth ya Aprili 2019, siku hiyo hakuna mazoezi.

Hii nyeusi mnaiona kwa mara ya mwisho. Dada nimeshamwambia, ameridhia. Keshokutwa inapanda basi kwenda Makete kwa binamu yangu, ambako Juni na Julai kuna asubuhi unakuta sakitu nyeupe juu ya majani. Nimpigie picha kwanza, halafu niimwage haya maji.