Miche ya nyanya niliyouziwa Arusha: sirudi, labda kwa mbegu tu

Nimekasirika na sifichi. Juzijuzi nilichukua trei za miche ya nyanya, aina ya Tengeru 97, kwenye duka moja la pembejeo hapa Arusha. Nililipa kabla, maana walisema wanaotesha wenyewe. Kumbe wanaotesha chumba cha nyuma chenye dirisha moja! Nikapewa miche mirefu, myembamba kama uzi, imepauka, yote imelalia upande mmoja. Upande wa dirisha. Ukiimwagia maji kwa keni tu, chini!

Nikamwuliza kijana wa kaunta. Hata macho hakuyatoa kwenye simu: "Mama, mrefu ndiyo mzuri, unawahi kuzaa. Kama huutaki acha, wateja wapo." Na hela yangu ameshaikunja! Anayeijua nyanya hawezi kusema hivyo. Mche ukirefuka vile unatafuta mwanga; shina linakimbia juu, halinenepi. Wangetoa trei nje mara tu mbegu zilipochomoza, wakaondoa nyasi za kufunikia, miche ikapata jua la asubuhi na upepo kidogo wa kuitikisa, tusingefika huku. Halafu wamebananisha mbegu mbili tatu kwenye tundu moja! Huo ni uzembe.

Sikuitupa. Shina la nyanya likifukiwa linatoa mizizi. Ukilitazama vizuri karibu na udongo utaona vijinundu, ndipo mizizi inapotokea. Niliizoesha kwanza kivulini nje, kisha jua kidogo kidogo. Nikanyofoa majani ya chini, nikachimba vifereji vifupi, nikailaza miche jioni na kufukia shina mpaka karibu na majani ya juu. Taratibu lakini, ukilikunja linakatika. Na usizifanyie hoho hivi ukategemea matokeo yale yale.

Mingi imeshika, na shina limenenepa kweli. Kwa hiyo mbegu ilikuwa halali, hapo siwasingizii, na nilikaa nikataka kuwapa nyota mbili. Lakini kila nikiikumbuka ile "wateja wapo", na ile miche iliyoninyaukia, hata moja naona nyingi. Mbegu nitanunua kwao, pengine. Miche nitaotesha mwenyewe uani, juani. Na yule kijana asinifungulie mdomo.