Maabara ya udongo Tanga: huduma ya kupima mchanga kwa kufuata mwelekeo wa tabaka

Nilipeleka magunia mawili ya mchanga wa Ras Kazone, tunakojenga ukuta wa kuzuia ardhi, katika maabara moja ya udongo hapa Tanga. Ripoti ya kwanza ilikuja haraka, ikiwa na pembe moja tu ya msuguano, yaani kipimo cha jinsi punje zinavyozuiana zisiteleze, kana kwamba mchanga una nguvu ile ile popote unaposukumiwa. Sivyo ulivyo. Punje zinapoanguka hulala ubavu, kwa hiyo lundo huhimili zaidi likigandamizwa kutoka juu, tabaka zikiwa zimelala, kuliko likisukumwa kwa mshazari. Watafiti Oda wa Japani, na Arthur na Menzies, walilionyesha hilo maabarani mwaka 1972. Nyuma ya ukuta mzigo haushuki wima tu, na ndiyo maana nilirudi kuomba kipimo kirudiwe.

Hapo ndipo mafundi waliponipendeza. Walimimina mchanga mkavu kupitia chekeche katika chombo kilichoinamishwa digrii 30, bila kuutikisa, wakauloanisha polepole kutokea chini, wakaugandisha katika friza, kisha wakaukata kipande cha kuenea kisanduku cha milimita 60 kwa 60. Barafu ilipoyeyuka na maji kutoka, waliupima kwa mkato, yaani nusu ya juu ya kisanduku ilisukumwa iteleze juu ya nusu ya chini, mchanga ukiwa umegandamizwa kwa mizigo ya kilopaskali 50, 100 na 200. Mmoja wao alinipa lenzi nitazame kipande cha ziada: vigae vya kombe vilikuwa vimelala bapa, kimoja juu ya kingine, kama dagaa walioanikwa jamvini. Kwa mchanga wenye vigae vingi namna hiyo sikushangaa pembe ilipopungua kwa digrii tatu. Punje za mviringo zisingetofautiana sana.

Kasoro ninayoiona kubwa ni kwamba hata ripoti ya pili haikuchora tabaka ziliinama upande gani kulinganisha na mwendo wa kisanduku, nami ilinibidi niombe mchoro huo kwa mdomo, ilhali bila mchoro tarakimu hizo hazimsaidii mhandisi. Tena mchanga uliomiminwa upya si ule uliolala ardhini miaka mingi, na jambo hilo lilistahili sentensi moja. Bei ni ya wastani. Anayekwenda aagize mwinamo mapema, kabla mchanga haujaguswa.

Mhandisi wetu alitumia pembe ndogo, na msingi wa ukuta umeongezwa upana.