Kupima mlango wa kizazi kituo cha afya: nesi apewe maua yake, dirishani wajirekebishe

Mimi ni msusi, na wateja wangu wananiuliza kwa kunong'ona nikiwa nimewainamia kichwani: "Dada, eti kinauma?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Nazungumzia kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi kwenye kituo cha afya cha serikali huku kwetu Temeke. Jina la kituo silitaji, maana nina sifa na nina lawama.

Hakiumi. Kinakera tu. Kile kifaa cha kufungulia njia kina ubaridi wake, na ukikaza mapaja unajitesa mwenyewe. Malipo hakuna, sikutoa hata mia.

Nesi aliyenihudumia ni binti ningeweza kumzaa. Aliniamkia, akafunga mlango kwa komeo, akanipa khanga safi nijifunike, kisha akanionyesha vifaa vyake kabla hajanigusa. "Mama, hiki ndicho kitakachoingia. Kishike kwanza." Nikakishika. Hofu yangu nusu ikaishia pale. Kila hatua aliitangaza kabla ya kuifanya, na alipoona nimekaza akasimama, akanisubiri nishushe pumzi. Nimejifungua watoto hospitali tofauti, na sijawahi kuhudumiwa kwa adabu ile nikiwa nimelala mgongo.

Akaniambia sasa anapaka siki. Nikamuuliza, sista, siki ya kachumbari? Akacheka. "Ndugu yake, mama. Hii ya kwetu imepimwa, ni asilimia tatu mpaka tano." Akasubiri kama dakika moja akiangalia kwa taa. Sehemu ambayo chembe zake zimeanza kubadilika inageuka nyeupe, na yeye huiona hapohapo kwa macho. Unatoka na jibu siku hiyohiyo, na hiyo kwangu ndiyo sifa kubwa ya huduma hii. Majibu ya kurudi baada ya wiki mbili wengi wetu hatuyafuati, tusidanganyane.

Alinieleza pia kwa nini inafaa kuhangaika na mtu ambaye haumwi. Saratani hii inaletwa na virusi vya HPV, na aina mbili, namba 16 na 18, ndizo zinazosababisha kama asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi. Kutoka kuambukizwa mpaka kufikia saratani mara nyingi ni miaka kumi na tano mpaka ishirini. Muda wote huo huna maumivu wala dalili, na ndimo nesi anamofanyia kazi yake. Jirani yangu alikutwa na weupe. Hawakumpa rufaa, nesi yuleyule alimgusisha kifaa cha joto cha kuziunguza hizo chembe, haikufika hata dakika moja, akaambiwa atatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa na asikutane na mumewe kwa mwezi mzima. Jirani akaguna: huyo baba nitamwambiaje? Nesi akamjibu, "Mlete, nitamweleza mimi." Akamleta kweli. Weupe ukiwa mkubwa sana, au wakishuku tayari ni saratani, hapo ndipo wanakutuma hospitali kubwa.

Nilipomsikia nesi nilimkumbuka shangazi yangu wa Lindi. Alikoma hedhi, miaka ikapita, damu ikaanza kurudi. Nyumbani wakampa mitishamba ya "kusafisha tumbo". Alipofikishwa Ocean Road, hospitali ya saratani, ilikuwa imeshasambaa. Manesi wa pale walimtunza vizuri hadi mwisho, sina neno nao. Ila miaka yake ya thelathini na arobaini yote ilipita bila nesi hata mmoja kumtazama mlango wa kizazi.

Sasa lawama. Dirishani mapokezi kuna mtu ana sauti ya mpiga debe. "Wa kizazi wapite huku!" Foleni nzima ikageuka, pamoja na vijana waliofuata kipimo cha malaria. Dada mmoja nyuma yangu alijifanya amepigiwa simu, akatoka, sikumwona tena. Nesi anafanya kazi ya kumtoa mwanamke aibu, halafu mtu wa dirishani anaipachika upya.

La pili, nesi ni huyo mmoja. Chumba ni kilekile cha uzazi wa mpango, kwa hiyo anaweka vipandikizi, anachoma sindano, anapima saratani, anaandika daftari. Akiitwa semina, chumba kinafungwa na mnaambiwa mrudi wiki ijayo bila maelezo. Waliotoka Mbagala kwa daladala mbili wanarudi na hasira zao. Na mabango yao huyaoni mpaka Januari, mwezi wa kuhamasisha kuhusu saratani hii, utadhani ugonjwa una msimu.

Aliniuliza kuhusu binti yangu. Nikamwambia kwenye WhatsApp wanasema chanjo ya HPV inafunga kizazi. Hakunikemea. Alinieleza kuwa mwaka 2018 ilipoanza nchi nzima walichanjwa wasichana wa miaka 14 na sindano zilikuwa mbili, na tangu 2024 ni sindano moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Inazuia virusi, basi, na akikua bado atakuja kupimwa. Binti ameshachanjwa.

Wanaolengwa zaidi kwa siki ni wanawake wa miaka 30 hadi 50. Ukishakoma hedhi siki haisaidii sana, kwa sababu ile sehemu inayotazamwa inakuwa imeingia ndani. Nesi atakushauri njia nyingine. Anayeishi na VVU asingoje 30, hatari yake ya kupata saratani hii ni kama mara sita ya asiye na VVU, na apime mara nyingi zaidi ya wengine.

Nendeni asubuhi, mkiwa hampo kwenye siku zenu, na mvae sketi au dera, suruali itakusumbua. Piga simu kwanza au mtume mtu aulize kama nesi yupo. Na yule wa dirishani akikuuliza umefuata nini, sema uzazi wa mpango. Mlango ni uleule.