Muzigo mbele ao muzigo nyuma: njo gani muzuri kwa ndege ya safari ndefu?

Bandugu ba Lubumbashi, pale uwanja wa ndege wa Luano bakikuhamisha kiti usikasirike, kuna hesabu nyuma ya ile, ndege inaweza kuwa haijapitisha kilo zake na bado ikawa hatari sababu uzito umekaa mubaya.

Uzito ukilemea mbele ndege inatulia, upepo ukisukuma pua inarudi yenyewe. Lakini mukia inalazimika kusukuma chini zaidi ili pua isianguke, mabawa yanabeba na ile nguvu juu ya uzito wa kweli, mafuta yanaisha mbio, na wakati wa kuruka pua inanyanyuka kwa shida.

Nyuma sasa, mukia inapumuzika, mafuta yanabakia, na kwa safari ya masaa kumi hiyo faida inaonekana, njo maana Airbus A330 iko na tanki ndani ya mukia, ikisha kupanda juu kompyuta inapeleka mafuta kule, kisha inayarudisha mbele kabla ya kutua. Ila uzito ukienda nyuma kupita mupaka wenye ndege inaruhusu, pua inataka kupanda yenyewe, piloti anaweza kushindwa kuishusha, na hapo hakuna mafuta yenye kulipa maisha ya bantu.

Miye nachagua nyuma, ndani ya mupaka tu. Na ndege yenye haina ile tanki, bapange bagaji vizuri tangu chini.