Ajira ya kwanza: serikalini au kampuni binafsi?

Kila baada ya mahafali swali hili hurudi, na wengi hutazama mshahara ulioandikwa kwenye barua ya ajira tu. Naomba tushuke hadi kwenye makato.

Serikalini Tanzania, mshahara wa kuanzia haujadiliwi. Mwenye shahada ya kwanza katika kada nyingi za utawala huanzia TGS D, yaani ngazi ya mshahara wa serikali, awe na GPA ya 3.0 au 4.6, awe Kigoma au Dar es Salaam. Kampuni binafsi hutazama fani, mafunzo kwa vitendo na unavyojieleza kwenye usaili. Mwenye ujuzi adimu hushinda huko. Wengine, kusema kweli, hulipwa chini ya serikalini.

Sasa chukua mshahara wa shilingi 800,000. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, hukata 5%, mwajiri anaongeza 15%. NSSF, mfuko wa sekta binafsi, kwa kawaida ni 10% yako na 10% ya mwajiri. Yaani unakatwa 40,000 dhidi ya 80,000 kila mwezi, na tofauti hiyo inaweza kuwa nauli ya daladala ya mwezi mzima. Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo haibagui: 15%, shilingi 120,000, huondoka kokote uliko.

Usalama wa kazi, serikali inaongoza. Ila kusubiri kuitwa kupitia Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa maombi ya kazi serikalini, kunaweza kula miaka, na miaka hiyo hailipwi.

Una wadogo wanaokutegemea ada? Uhakika wa serikalini una uzito. Una fani inayogombewa na pa kulala kwa shangazi mjini? Jaribu kampuni kwanza, na ujadili mshahara kabla ya kusaini.