Kebo ya mtandao ya nyumbani: shaba kwanza, namba baadaye

Ukiingia kwenye maduka ya kompyuta ya katikati ya Kampala kuulizia kebo ya mtandao, utaonyeshwa namba za madaraja ya kebo: Cat5e, Cat6, Cat7, Cat8, na bei inapanda kwa kufuata namba. Muuzaji atakuhakikishia kwamba yenye namba kubwa ndiyo yenye kasi. Kwa nyumba ya kawaida ya Ntinda, Kira au Mukono, ushauri huo utakumalizia pesa bure. Kinachoamua kama kebo itakufaa miaka kumi au itakusumbua kila mwezi ni madini yaliyo ndani ya ganda, na hayo boksi mara nyingi haliyatangazi.

Naanza na ya mwisho kabisa kwa ubora, kwa sababu ndiyo iliyojaa sokoni. Inaitwa CCA: nyaya za alumini zilizopakwa shaba nyembamba kwa juu. Alumini ni rahisi kwa bei, lakini haipitishi umeme vizuri kama shaba, na ukiikunja mara chache inakatika ndani huku ganda likiwa zima. Viwango vya Cat5e na Cat6 vinataka shaba tupu. Kwa hiyo kebo ya alumini iliyopigwa chapa ya Cat6 si Cat6, hata maandishi yawe mazuri namna gani.

Ubaya wake unaonekana zaidi kwenye kamera za ulinzi zinazopata umeme kupitia kebo hiyohiyo ya mtandao, yaani PoE. Kiwango cha kwanza cha PoE, cha mwaka 2003, kinatoa hadi wati 15.4, cha 2009 kinafika 30, na cha 2018 kinafika 90. Kwenye alumini sehemu kubwa zaidi ya umeme huo inapotea njiani kwa kugeuka joto. Kamera ya getini inafanya kazi mchana kutwa, kisha giza likiingia taa zake za infraredi zinawaka, zinadai umeme zaidi, na kamera inazimika na kuwaka, inazimika na kuwaka. Mwenye nyumba ananunua kamera mpya, na tatizo liko palepale.

Kuitambua si kazi. Mwombe muuzaji akukatie kipande kifupi mwishoni mwa kebo. Menya ganda, fungua jozi moja kati ya jozi nne za nyaya zilizosokotwa, chukua waya mmoja uukwaruze kwa wembe. Shaba hubaki na wekundu wake hadi ndani. Alumini itakuonyesha weupe unaong'aa, na hata ukitazama ncha iliyokatwa utauona mduara mweupe wenye ukingo mwembamba wa shaba. Soma pia maandishi ya ganda: AWG, kipimo cha unene wa waya, 23 au 24 ndiyo unayotaka, na kumbuka hapo namba ndogo ndiyo waya mnene. Boksi la mita 305 likiwa la shaba ni zito. Likinyanyuka kama mkate, liache. Muuzaji akikataa katakata usikwaruze hata waya mmoja, nenda duka la pili.

Sasa chaguo langu la kwanza: Cat6 ya shaba tupu, aina ya UTP, yaani isiyo na kinga ya chuma kuzunguka nyaya. Inapitisha gigabiti 1, yaani megabiti 1000, kwa sekunde hadi mita 100, na hata gigabiti 10 kwa umbali wa mita 55 hivi mazingira yakiwa mazuri. Kama unajenga, usifikirie mara mbili. Nyumba zetu ni za tofali na plasta, na kupasua ukuta tena baadaye kunagharimu kuliko tofauti ya bei kati ya Cat5e na Cat6. Ila mwambie fundi aipitishe ndani ya bomba la plastiki, mbali na bomba la nyaya za umeme wa volti 240. Bomba litakuwezesha kuvuta kebo nyingine siku za mbele, na darini litaikinga na meno ya panya.

La pili ni Cat5e ya shaba tupu, na kwa mpangaji anayetaka tu kuifikisha runinga au kompyuta kwenye ruta, mara nyingi ndiyo yenye busara zaidi. Hiyo pia inapitisha gigabiti 1 hadi mita 100, na tangu 2016 kuna kiwango kinachoiruhusu kubeba gigabiti 2.5. Kama unalipia kifurushi cha intaneti cha megabiti 20 au 50, kebo hiyo haitajua hata kama inafanya kazi. Tena, Cat5e ya shaba ni bora kuliko Cat6 ya alumini, siku zote. Na kama tayari ipo ukutani na inafanya kazi, iache ipumzike.

Cat6A naiweka ya tatu. Inafikisha gigabiti 10 mita 100 kamili, lakini ni nene, ngumu kukunja kwenye kona, na inahitaji swichi (kifaa cha kuunganisha kebo nyingi za mtandao) na ruta za bei ya kufanana nayo. Inamfaa anayehamisha mafaili makubwa ya video ndani ya nyumba kila siku.

Cat8 ilitengenezwa kwa vituo vya data, kwa umbali wa hadi mita 30. Kuichomeka kwenye runinga ambayo mlango wake wa mtandao mara nyingi ni wa megabiti 100 tu hakuongezi kitu. Cat7 ndiyo naishauri kidogo zaidi: shirika la viwango la Marekani, TIA, halikuitambua kamwe, na ilibuniwa kwa vichwa (plagi za ncha za kebo) tofauti na vile vya RJ45 tunavyovitumia. Zote mbili zina karatasi za chuma za kuzuia mwingiliano, ambazo hazikusaidii ipasavyo bila ethi nzuri, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini.

Kwenda nje ya nyumba, kwa mfano kwenye kibanda cha mlinzi au nyumba ndogo ya nyuma, ni habari nyingine. Ganda la PVC la ndani hupasuka kwa jua. Omba kebo ya nje yenye ganda jeusi la polithini. Lakini kinachonipa wasiwasi zaidi ni radi. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na kebo ya shaba inayounganisha majengo mawili ni njia ya kuingiza mshtuko hadi kwenye ruta, swichi na kila kilichochomekwa hapo. Kati ya jengo na jengo, tumia faiba, kebo ya nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, isiyo na waya wa chuma ndani, pamoja na kigeuzi kimoja kila upande cha kuiunganisha na kebo ya kawaida. Faiba haipitishi umeme. Ukishindwa, weka vizuia mshtuko vyenye ethi ya kweli pande zote mbili, na wingu likitanda chomoa.

Usimlipe fundi kabla ya kupima. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za kebo. Megabiti 100 zinatosheka na mbili. Waya mmoja ukikatika au ukikaa vibaya kwenye kichwa, mtandao unaweza kuendelea kufanya kazi, ila unashuka hadi 100 kimyakimya, nawe unailaumu kampuni ya intaneti. Mwambie aweke kifaa cha kupimia kebo, taa zake zote nane ziwake kwa mpangilio, kisha uchomeke kompyuta yenye mlango wa gigabiti na uangalie mipangilio ya mtandao inasoma 1000. Ikisoma 100, akate vichwa afunge upya wewe ukiwepo.