Uzoefu wangu na CCI Subsonic ya .22 kwenye shabaha

Nimemaliza kisanduku cha tatu cha CCI Subsonic ya .22, yaani risasi ndogo zinazokwenda polepole kuliko sauti, na nimezipenda kiasi cha kutaka wenye bunduki kama yangu wajue. Nina leseni, natumia bunduki ya komeo, na napigia shabaha kwenye shamba la rafiki upande wa Usa River, penye tuta refu la udongo nyuma ya mbao.

Kichwa chake, kile kipande kinachoruka, kina uzito wa greni 40, yaani gramu 2.6, na hutoka mtutuni kwa mita 320 hivi kwa sekunde. Sauti, hewa ikiwa nyuzi 20, husafiri mita 343. Asubuhi za Julai hapa Arusha, baridi ya masweta mawili, sauti nayo hupunguza mwendo, lakini risasi hii bado haiifikii. Ndiyo maana ule mlio mkali kama wa mjeledi, unaotolewa na risasi inayoipita sauti, haupo. Unasikia mlipuko wa baruti tu, tena mdogo, na ng'ombe wa jirani wanaendelea kula.

Zamani nilinunua zile za kasi, mita 376 kwa sekunde, nikiamini kasi ndiyo ubora. Mita 50 zilikwenda vizuri. Mita 100 matundu yakatawanyika, nikawa naulaumu mkono wangu miezi mizima. Kumbe risasi ya namna hiyo huanza mbele ya sauti, kisha kabla ya mita 100 mwendo wake hushuka chini ya sauti, na pale inapovuka hewa huiyumbisha. Ya polepole haivuki popote. Kwa mita 50 sasa matundu matano nayafunika kwa sarafu ya shilingi 200.

Ila inaporomoka sana. Darubini ukiirekebisha kwa mita 50, kwenye mita 100 utapiga chini kwa zaidi ya sentimita 20. Nimeandika vipimo vyangu kwenye karatasi na kuibandika kwenye kitako.

Shemeji yangu aliniuliza kama inafaa kwa swala, maana haina kelele. Nilimkatalia kabisa. Nguvu yake ni juli 130 hivi, wakati .375 H&H wanayobeba wawindaji wa nyati inapita juli 5,000. Ncha ina tundu ili ifunguke ikigonga, lakini kufunguka kunataka kasi, na kasi ndiyo hasa tuliyoipunguza. Swala atakimbia na jeraha akafie vichakani, na hilo sitalikubali. Marekani wapo wanaowinda kwa risasi za polepole, kwa mfano za .300 Blackout zenye vichwa vya greni 220, na wanaojali huchagua vile vilivyotengenezwa kufunguka kwa mwendo mdogo, kisha humsogelea mnyama karibu.

Wengi wao hujaza maganda wenyewe. Mimi nanunua za kiwandani. Baruti ikipungua mno kichwa hukwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata inaweza kuupasua usoni mwako. Hata kwa hizi za dukani, nikisikia mlio dhaifu usio wa kawaida, nasimama, naondoa risasi zote, natoa komeo na kuchungulia mtutu kutokea nyuma.

Kisanduku kijacho nitajaribu Standard Velocity ya kampuni hiyohiyo, mita 326 kwa sekunde, kichwa kisicho na tundu. Kwa karatasi, tundu halina kazi.